Jokha na Watoto Wanaoota Meno

Aliyemwona Jokha Zayed kwa mara ya kwanza katika kituo cha mabasi cha Bagamoyo pengine hakumbuki sura yake. Anakumbuka deli. Lilikuwa deli la buluu la kubebea samaki, kifuniko chake kimekazwa kwa mpira wa baiskeli, na msichana mwembamba wa baibui jeusi na raba nyeupe alikuwa amelipakata kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani akiwa usingizini, anaogopa hata kukohoa asije akamwamsha.

Wauza karanga wa pale kituoni walikuwa wamekwisha kumzoea.

"Leo pweza au kamba?" mmoja alimuuliza.

"Maji," alijibu Jokha.

"Maji unayapeleka Dar? Kwani huko yamekwisha?"

"Haya yanakwenda kupimwa."

"Masikini! Yanaumwa nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua," alisema Jokha, na muuza karanga akacheka mpaka karanga mbili tatu zikamwagika.

Ndani ya deli mlikuwa na chupa kumi na mbili za maji ya visima vya mtaani kwao, zimezungushiwa barafu kila upande. Maji hayo yalitakiwa kufika maabara kabla ya saa sita kupita tangu yalipochotwa, nayo yakae baridi njia nzima, la sivyo majibu yake yangekuwa hayana maana. Kwa hiyo kila siku ya safari Jokha aliswali alfajiri, akazunguka visima vinne na kamba yake, kisha akapita soko la samaki kwa Hija, muuza barafu, ambaye alimvunjia mapande makubwa na kumsihi asichelewe kama vile maji yale yalikuwa ya kwake. Mpaka leo Jokha akihesabu watu waliomfikisha alipofika, Hija hamsahau.

Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja huko Dar es Salaam. Somo lake kuu lilikuwa mikrobiolojia, elimu ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na pamoja nalo alisoma afya ya jamii. Idara hizo mbili zilikuwa pande mbili za chuo, na mtu aliyetoka kwenye hadubini ya upande mmoja ilimbidi atembee juani robo saa nzima kwenda kusikiliza habari za kaya, chanjo na vyoo upande wa pili. Wenzake walimtania kwamba ameoa nyumba mbili, na kwamba kila nyumba inalalamika haipati zamu yake.

Hakulianza jambo hilo kwa kupenda sifa. Alipokuwa darasa la sita, afisa mmoja alikuja shuleni kwao, akachota maji ya tangi kwenye kichupa, akawaambia watoto kwamba atarudi na jibu. Jokha alilingoja jibu lile wiki ya kwanza, akalingoja wiki ya pili, na hata baada ya likizo alikuwa bado anachungulia dirishani kila gari lilipoingia. Jibu halikuja. Alipofika chuoni akagundua kwamba kuna watu wanaofundishwa kupima maji na kuna wengine wanaofundishwa kuzungumza na wanaoyanywa, na kwamba mara nyingi watu hao hawajuani hata kwa majina. Yeye akataka kuwa wote wawili.

Utafiti wake wa kuhitimu aliupanga hivyo hivyo. Nusu moja ilikuwa ya maabara: visima vinne vya mtaa aliozaliwa, kati ya soko la samaki na shule ya msingi. Nusu ya pili ilikuwa ya watu: nyumba sitini na mbili zenye mtoto wa chini ya miaka mitano, kila nyumba iulizwe kama mtoto amepata kuharisha katika wiki mbili zilizopita. Aliamini kwamba nusu hizi mbili zingekutana kama viganja viwili.

Hazikukutana. Maabara ilionyesha kwamba visima viwili kati ya vinne vilikuwa na bakteria wa kinyesi, wengi kiasi kwamba kwenye sahani ndogo walimooteshwa madoa yao yalikuwa yamebanana kama ufuta juu ya mkate. Kimoja kati ya hivyo viwili kilichimbwa na babu yake mwenyewe, marehemu Mzee Darwesh, kuwa sadaka kwa watu wa mtaa. Lakini karatasi za maswali zilisema jambo jingine kabisa. Katika nyumba sitini na mbili, ni tatu tu zilizokiri kwamba mtoto ameharisha.

Jokha hakuyaficha majibu ya maabara. Alirudi nyumbani akawaambia watu waache kunywa maji ya visima vile viwili bila kuyachemsha. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chai, kisha wakamuuliza: mbona basi hakuna anayeumwa? Hata baba yake, Bwana Zayed, ambaye dukani kwake huuza nyavu na kamba za wavuvi na ambaye hajawahi kumkatalia bintiye kitu cha masomo, alitikisa kichwa.

"Maji matamu yale, Jokha," alisema. "Babu yako alikichimba kisima kile kwa ajili ya Mungu. Na karatasi zako mwenyewe zinasema watoto wazima."

Msimamizi wake, Dakta Msabaha, alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na ncha. Aliziweka nusu mbili za utafiti mezani, moja kulia, moja kushoto, akazitazama kwa zamu.

"Hii inasema maji yamechafuka," alisema. "Hii inasema watoto wako imara kama chuma. Nishike ipi?"

"Labda miili yao imezoea, Dakta."

"Labda. Hiyo labda utaiandika sura ya ngapi?"

Dakta Msabaha akavua miwani, na sauti yake ikalainika kidogo.

"Nakupa wiki tatu. Ukiona kwa nini hazipatani, nitazipeleka zote mbili mbele ya jopo. Usipoona, peleka ya maabara peke yake. Utahitimu, tena vizuri, ila kwenye cheti chako afya ya jamii haitakuwemo. Sisemi hivi kukutisha, mwanangu."

Siku ile Jokha alikaa muda mrefu kwenye ngazi za idara bila kufungua daftari. Cheti chenye somo moja kingemtosha mtu yeyote. Yeye kilimuumiza kwa sababu aliona kinamrudisha palepale, awe mtu anayejua kilichomo ndani ya maji lakini watu wanaoyanywa hawana sababu ya kumwamini.

Alirudi Bagamoyo siku ya Jumamosi akiwa hana mpango wowote isipokuwa kuzungukia nyumba tena. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Wahida, aliyesoma naye shule ya msingi. Wahida alikuwa uani anafua, na mwanawe Muataz, wa miaka miwili na nusu, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anamumunya kipande cha mhogo. Kivulini alikuwepo Bi Tatu, jirani yao, akisuka ukili. Bi Tatu ndiye aliyewaogesha nusu ya watoto wa mtaa ule walipozaliwa, na mama zao kabla yao.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Chuo hakina wali?"

"Wali upo, Bi. Hamu ndiyo haipo."

Jokha aliketi kwenye mkeka. Akaanza kumweleza Wahida kwamba amekuja kuhakikisha majibu ya mwezi uliopita, na huku akisema macho yake yakapanda kwenye kamba ya nguo. Akahesabu mawinda, zile nepi za kitambaa. Yalikuwa kumi na moja, na mengine yalikuwa bado kwenye beseni.

"Mawinda yote hayo ya nani?"

"Ya huyu bwana mkubwa hapa," Wahida alisema, akimwelekeza Muataz kwa kidevu. "Nilikuwa nimekwisha kumwachisha, sasa tangu Jumatatu nimemrudisha. Hanipi hata nafasi ya kukaanga kitunguu. Maji matupu."

"Anaumwa?"

"Haumwi, shoga. Anaota meno."

Jokha alimtazama Muataz. Muataz akamtazama yeye, akatabasamu, na mdomoni mwake meno yalikuwa yamejipanga safu juu na chini, meupe, hakuna lililokosekana.

"Wahida, mbona meno anayo?"

"Ya nyuma hayo ndiyo yanayomsumbua."

Bi Tatu aliacha kusuka. "Ya nyuma ya wapi, kisogoni? Mtoto huyu anaota meno tangu mfungo wa mwaka jana. Umezaa mtu au umezaa mamba?"

Wahida akacheka, akamrushia Bi Tatu povu la sabuni. Jokha hakucheka.

"Mwezi uliopita nilikuuliza kama Muataz ameharisha. Ukaniambia hajaharisha."

"Na hakuharisha! Kuharisha ni ugonjwa, Jokha. Mpaka mtoto alegee, macho yaingie ndani, umkimbize hospitali bila hata viatu. Hili tumbo la meno. Mtoto gani hana?"

"Na mwezi uliopita alikuwa nalo? Tumbo la meno?"

"Eeh. Lilikwisha, likarudi."

"Na jirani yako hapo?"

"Wake anaota. Na wa nyumba ya kona anaota. Mwaka huu wanaota wote, sijui ni joto."

Jokha aliinama, akaufunika uso kwa viganja vyake. Wahida akadhani analia, akaacha beseni akamkimbilia. Jokha alikuwa anacheka na kuona haya kwa wakati mmoja. Angekuwa mgeni wa kutoka mbali angejisamehe, lakini alizaliwa hatua mia mbili kutoka kwenye kamba ile ya nguo. Mama yake mwenyewe alilitumia neno hilo kwa kila mtoto wa nyumba yao, na Jokha alilisikia tangu hajajua kusoma. Alipoandika maswali yake kule bwenini, vitabu vimemzunguka, aliliandika swali kwa Kiswahili cha darasani kilichonyooka, chenye "ugonjwa wa kuharisha", na wala halikumjia wazo kwamba mtaani kwao ugonjwa huo una jina jingine ambalo si la ugonjwa. Akina mama hawakumdanganya. Walimjibu sawasawa alichowauliza.

"Sasa nitawaulizaje?" alisema, kama anajiuliza mwenyewe. "Nikisema tumbo la meno, kila mtu ataniambia ndiyo."

Bi Tatu alilowesha kidole, akaendelea na ukili wake.

"Wewe jina la ugonjwa unalitakia nini? Ugonjwa kila nyumba ina jina lake. Uliza winda. Jana umebadilisha mangapi, na ndani yake mlikuwa na nini. Hapo hakuna mama atakayekosea. Aliyafua kwa mikono yake."

Jokha aliyaandika maneno hayo nyuma ya tiketi ya basi, neno kwa neno. Kisha akahakikisha kwamba Muataz amepata maji yenye chumvi na sukari, akamsindikiza Wahida zahanati, na akasubiri mpaka mhudumu alipomwambia kwamba mtoto yuko salama na atapona. Ndipo akapiga simu kwa Dakta Msabaha.

Alimsimulia yote, kuanzia kamba ya nguo mpaka maneno ya Bi Tatu. Halafu akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia miaka mitatu: Dakta Msabaha alikuwa anacheka.

"Mwanangu wa mwisho aliota meno mwaka mzima," alisema. "Mke wangu akisema ni meno, mimi naitikia. Mimi, na udaktari wangu wote."

Lakini kicheko kilipokwisha alimpa masharti. Nyumba zote sitini na mbili ziulizwe upya, za visima vizuri na za visima vibaya, kwa maneno yale yale. Swali jipya lipitishwe kwanza na kamati ya chuo. Jokha asiulize yeye mwenyewe, maana anajua kisima kipi kina nini, na anayejua jibu huweza kuliongoza swali bila kukusudia. Na majibu ya kwanza yasitupwe.

"Yaandike yote," alisema. "Kosa lako ni sehemu ya utafiti."

Kamati ilijibu baada ya siku tano. Kazi ya kuuliza akaifanya Shurooq, binamu yake, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hakuambiwa lolote kuhusu visima. Shurooq alizunguka siku sita na karatasi zake, akarudi kila jioni miguu imejaa vumbi na hadithi tele, maana akina mama walipoulizwa habari za mawinda walifunguka kama waliokuwa wanangoja kuulizwa miaka yote. Mmoja alimwonyesha beseni. Mwingine alimwita mumewe aje kusikia ni mangapi kwa siku, ili siku nyingine asiulize kwa nini sabuni inakwisha. Na kila mama akishajibu, Shurooq alimwachia maelezo ya kuchemsha maji na ya kumnywesha mtoto, awe wa kisima chochote.

Siku ya saba Jokha alikaa sakafuni sebuleni na karatasi zote, akazipanga kwa mafungu. Nyumba thelathini zilikuwa zinakunywa visima viwili vilivyochafuka. Watoto wa nyumba kumi na saba kati ya hizo walikuwa na choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Nyumba thelathini na mbili zilikuwa zinakunywa visima vizuri, na huko zilikuwa nne tu. Alihesabu mara ya pili. Akamwita Shurooq ahesabu mara ya tatu. Alijua kwamba hesabu hiyo haithibitishi kila kitu, kwamba mikono na nzi na chakula navyo vina sehemu yao, na hayo yote aliyaandika. Lakini kwa mara ya kwanza nusu zake mbili zilikuwa zinazungumza lugha moja.

Baada ya swala ya adhuhuri alikwenda dukani kwa baba yake. Bwana Zayed alikuwa anapima kamba. Aliiacha, akavaa miwani, akaisoma karatasi kutoka juu mpaka chini.

"Kumi na saba," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na kisima cha babu yako kimo."

"Kimo. Tena ndicho kinachoongoza."

Jokha alingoja. Alikuwa amejitayarisha kwa ubishi, hata kwa hasira, na alikuwa na majibu yake. Baba yake aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa kanzu upande wa moyo.

"Babu yako alitoa maji," alisema polepole. "Hakutoa tumbo la kuendesha. Kama sadaka yake imeharibika mikononi mwetu, wa kuitengeneza ni sisi. Niambie kinachotakiwa."

Kilichotakiwa kilikuwa kingi, na Jokha alimweleza chote. Alasiri ile ile Bwana Zayed alifunga mdomo wa kisima kwa wavu mpya wa dukani kwake, akaandika kwa mkono wake kibao cha kuwaelekeza watu kwenye visima vizuri, akaenda kugonga mlango wa jirani ambaye shimo la choo chake lilikuwa hatua tisa tu kutoka hapo. Jirani hakupenda. Lakini mwanawe naye alikuwa anaota meno, na mkewe alikuwepo mlangoni akisikiliza, na mkewe ndiye aliyesema kwamba shimo lihamishwe.

Utafiti uliandikwa ukamalizika. Ukurasa wa shukrani, ambao kwa wengi ni mistari minne ya kumaliza wajibu, kwa Jokha ulimchukua jioni nzima na bado hakuridhika. Alimtaja Hija na barafu yake. Alimtaja Dakta Msabaha, baba yake, Shurooq, na Wahida "aliyeanika ukweli wote kwenye kamba". Bi Tatu alitaka kujua ameandikwaje.

"Bi Tatu, jirani."

"Jirani tu? Majirani wako wangapi mtaa huu! Andika Tatu binti Majaliwa, ndiye aliyesema uliza winda."

Jokha akaandika hivyo hivyo.

Jopo limepangwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Kwa mara ya kwanza idara zote mbili zitakaa katika chumba kimoja kumsikiliza mtu mmoja, na mwishoni zitaamua kama cheti chake kitabeba masomo yote mawili au moja. Dakta Msabaha amemwonya kwamba mzee mmoja wa maabara amekwisha kuuliza neno la uani linaingiaje kwenye sayansi, na kwamba hilo ndilo swali litakalomsubiri. Jokha ana jibu. Analifanyia mazoezi kila jioni barazani, na hadhira yake ni Shurooq, Wahida na Muataz, ambaye sasa anakula wali wake vizuri na hapendi hotuba ndefu.

Leo ni Jumapili. Bi Tatu amekwisha kupiga pasi doti mpya ya kanga na kuulizia basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

"Bi Tatu, ndani hawaingii watu," Jokha amemwambia mara tatu.

"Sina haja ya kuingia. Nitakaa mlangoni. Huyo mzee wako akibisha, wewe fungua mlango tu, uniite."

Zimebaki siku nne.